Malkia wa uru na chupa ya tomato sosi: wasomaji wanavyoikosea The Manchurian Candidate

Kuna riwaya ambazo huwagawa wasomaji kistaarabu: huyu kaipenda, yule imemchosha, basi. The Manchurian Candidate ya Mmarekani Richard Condon, iliyotoka mwaka 1959, haina ustaarabu huo. Mmoja anaifunga akisema ni upuuzi mtupu. Mwingine anaapa kwamba ilitabiri nusu ya historia ya Marekani. Wa tatu, na huyu ndiye wa kumsikiliza zaidi, analalamika kwamba kila alipoanza kuogopa mwandishi alimtekenya, na kila alipoanza kucheka kuna mtu aliuawa. Jarida la Time nalo liliwahi kuiweka miongoni mwa riwaya kumi mbaya zilizo bora, sifa ambayo mtu hajui ashukuru au adai fidia.

Wengi wa walalamikaji hawa wana macho mazuri na hukumu mbovu. Wanaona barabara mahali riwaya inapokwama. Wanachokosea ni kudhani kila kilichokwama kimekwama kwa bahati mbaya. Wanaisoma kama riwaya pendwa ya kijasusi, wanaukagua mtambo kama unazunguka sawasawa, kumbe Condon ameunda mtambo wa kejeli akauvika koti la ujasusi. Zipo pia lawama ambazo hata kejeli haiziokoi, nazo tutazifikia.

Kisa chenyewe, kwa asiyekijua. Sajenti Raymond Shaw na wenzake wa doria wanatekwa katika vita vya Korea na kupelekwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Huko daktari Mchina, Yen Lo, anamgeuza Raymond kuwa muuaji asiyejua kwamba anaua, na kuwaaminisha wenzake kwamba Raymond aliwaokoa kishujaa. Anarudi nyumbani na nishani ya juu kuliko zote jeshini. Nyumbani kuna mama, na kuna baba wa kambo, Seneta John Iselin, mbwabwajaji anayedai kila siku kwamba serikali imejaa wakomunisti. Mambo yanapofunguka tunakuta anayempa Raymond amri akiwa Marekani ni mama yake mzazi, na kwamba yule seneta mpiga kelele dhidi ya wakomunisti ndiye hasa wakomunisti wanayemtaka. Mpango ni Raymond amuue mgombea urais jukwaani, mbele ya mkutano mkuu wa chama katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ili Iselin, mgombea mwenza, aurithi ugombea akiwa na damu ya shujaa kwenye shati. Anayeufumua mpango ni Ben Marco, ofisa aliyekuwa kwenye doria ile na anayesumbuliwa na jinamizi lile lile kila usiku.

Lawama kongwe kuliko zote ni kwamba sayansi yake ni ya uongo. Ni kweli, na inafaa kuonyesha ni ya uongo kiasi gani, maana wengi huishia kusema "haiwezekani" na kwenda zao.

Mtambo wa Yen Lo una funguo mbili. Wa kwanza ni sentensi: mtu anampigia Raymond simu na kumshauri apoteze muda kwa kucheza karata peke yake. Raymond anatii, anazipanga mezani. Wa pili ni malkia wa uru. Akifunuka tu, Raymond anabaki mwili: anasubiri amri, anaitekeleza hata ikiwa ni ya kuua, kisha anasahau kila kitu. Sababu ya kuwa na funguo mbili ni ile ile ya bunduki kuwa na kilinda-usalama. Sentensi peke yake inaweza kumtoka mtu yeyote, na karata peke yake inaweza kuonekana popote penye mchezo. Vikikutana ndipo kitu kinafyatuka.

Sasa tazama vinavyokutana. Raymond yuko baa, mtu anasimulia habari zake na katika maneno yake ya ovyo inatoka sentensi ile ile. Raymond anaomba karata. Malkia anafunuka. Msimulizi, bado yuko kwenye habari zake, anafikia pale alipomwambia jamaa fulani aende akajitose ziwani. Raymond anasimama, anakwenda bustani ya Central Park na kujitosa ziwani. Baadaye Jocie, msichana anayempenda, anaingia kwenye sherehe ya mavazi ya kuigiza akiwa amevaa kama malkia wa uru, na Raymond anamfuata bila kuhitaji kushawishiwa. Marco akishaelewa mchezo, anakuja na pakiti ambayo karata zake zote ni malkia wa uru.

Mtu anayejua karata ataongeza kasoro nyingine. Mchezo wa mtu mmoja unaochezwa zaidi hupangwa karata 28 mezani katika safu 7. Juu ya kila safu kuna karata moja inayoonekana, kwa hiyo zinazoonekana ni 7 na zilizolala kifudifudi ni 21. Zinazobaki mkononi ni 24. Uwezekano wa malkia wa uru kuanza mchezo akiwa amezikwa chini ni 21 katika 52, karibu mara 4 katika kila 10. Mchezo ukifunga kabla hajafukuliwa, muuaji hatari kuliko wote wa vita baridi anabaki amekaa mezani akichanganya karata upya kama mzee wa kijiweni, huku wakubwa wake wakisubiri kwenye simu. Ikulu ya Marekani inategemea mchezaji asikwame.

Msomaji wa riwaya za kijasusi anaita hilo tundu. Lakini mwandishi anayetaka tuamini mtambo hawezi kuuharibu yeye mwenyewe kwa porojo za baa kabla haujafanya kazi yake kubwa. Condon anauharibu makusudi, mbele yetu, kwa maneno ya kupita tu. Anachouliza ni kama kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayejitosa ziwani kwa sababu kasikia sentensi, na nchi nzima inayokimbia huku na huko kwa sababu seneta katamka namba.

Historia yenyewe haikuwa na karata. Vita vya Korea vilisimama tarehe 27 Julai 1953, na mateka 21 wa Kimarekani wakakataa kurudi kwao. Kabla ya hapo marubani, akiwemo Kanali Frank Schwable wa kikosi cha Marine, walikuwa wamekiri kwamba Marekani ilitumia silaha za vijidudu. Wamarekani walitafuta maelezo, na mwandishi wa habari Edward Hunter alikuwa amekwisha kuwapa tangu mwaka 1950: kuoshwa ubongo, maneno aliyoyatoa kwenye Kichina. Mwezi Aprili 1953 shirika la ujasusi la CIA, chini ya Allen Dulles, likaanzisha mradi wa MKUltra, likajaribu dawa za kulevya na hipnosisi, yaani usingizi wa kuamrishwa, kwa watu, wengine bila wao kujua, ili na lenyewe lipate ufunguo wa kichwa cha binadamu. Ufunguo haukupatikana. Mtafiti Albert Biderman, aliyewahoji marubani waliorudi, alichapisha mwaka 1957 orodha ya yale waliyofanyiwa kweli: kutengwa, kunyimwa usingizi, kusimamishwa saa nyingi, vitisho, na mara moja moja fadhila ndogo ili mtu aone kuna faida ya kutii. Mambo ya askari wa kituo chochote kibaya duniani. Jedwali lake hilo likaja kutumika kama somo la kuwafunza wahoji wa gereza la Guantánamo mwaka 2002.

Kwa hiyo sayansi ya Condon ni ya uongo, ila ni uongo ule ule ambao serikali yake ilikuwa ikiununua kwa fedha za umma wakati yeye anaandika. Yen Lo, anapowahutubia wageni wake wa Kirusi na Kichina, anajitetea kwa kutaja maandiko ya Wamarekani wenyewe, kama kitabu cha mwanasaikolojia Andrew Salter cha mwaka 1949. Profesa wa uongo anayetaja marejeo ya kweli: aliyewahi kukaa kwenye semina atamtambua mara moja.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mmarekani hana. Sisi tuna neno kasumba. Kuosha ni kuondoa. Aliyeoshwa ubongo kanyang'anywa kitu. Kasumba ni afyuni. Aliyetiwa kasumba kaongezewa kitu, kakizoea, na siku ukimnyima atakugombeza. Ukiisoma riwaya hii kwa neno la Hunter utamtazama Raymond tu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeoshwa. Ukiisoma kwa neno letu utaanza kuwatazama wapiga kura wa Iselin. Hao hakuna aliyewateka wala kuwapeleka Manchuria. Wanakwenda wenyewe mikutanoni, na wakitoka wanataka nyingine.

Iselin ni nakala ya Joseph McCarthy, seneta wa Wisconsin, na hilo Condon hakulificha. Tarehe 9 Februari 1950, mjini Wheeling, West Virginia, McCarthy alidai ana mkononi orodha ya wakomunisti waliomo Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa taarifa za siku ile, walikuwa 205. Siku iliyofuata, Salt Lake City, wakawa 57. Tarehe 20 mwezi huo huo, ndani ya Seneti, zikawa kesi 81. Bunge, magazeti na redio vikaingia kwenye hesabu: ni wangapi hasa? Iliichukua Seneti hadi tarehe 2 Desemba 1954 kumkemea rasmi, kwa kura 67 dhidi ya 22, na mtu huyo akafa mwaka 1957, miaka miwili kabla ya riwaya.

Filamu ya mwaka 1962, iliyoongozwa na John Frankenheimer kwa hati ya George Axelrod, ililibana jambo hili katika dakika chache ambazo nadhani ndizo bora kuliko zote katika hadithi hii. Iselin anamlalamikia mkewe: namba zinabadilika kila siku, anaaibika, apewe moja tu anayoweza kuikumbuka. Mke anamtazama. Mume anatingisha chupa ya tomato sosi ya Heinz juu ya chakula, na kwenye lebo ya Heinz kuna namba 57, ile ya matangazo yao ya aina 57 za bidhaa. Picha inakatika. Tunamwona Iselin bungeni akitangaza kwamba wakomunisti waliomo Wizara ya Ulinzi ni 57 kamili.

Kabla ya hapo mke amekwisha kumweleza kwa nini kubadilika kwa namba ni faida: watu hawaulizi tena kama wakomunisti wapo, wanauliza wako wangapi. Hapo ndipo ulipo mtambo wa kweli wa hadithi hii, na una hatua tatu tu. Toa namba, si neno, kwa sababu neno hupingwa na namba husahihishwa. Ibadilishe kabla haijakaguliwa. Mwache mpinzani aseme namba sahihi ni ndogo zaidi, kwa kuwa akishasema hivyo kakubali kwamba si sifuri. Hakuna karata inayohitajika, wala daktari. Msomaji anayeruka kurasa za Iselin ili awahi mauaji amelipia riwaya moja akasoma nyingine.

Yule anayelalamika kuhusu kicheko na hofu ana hoja ngumu zaidi, na haijibiwi kwa kusema "hukuelewa". Hofu ya riwaya ya kusisimua inataka msomaji aamini. Kejeli inataka asiamini, asimame kando na kucheka. Mwandishi anayetaka yote mawili kwa wakati mmoja ana gia mbili za kuunganisha zikiwa zinazunguka, na meno yakikosana utasikia mlio. Waandishi wengi wa kejeli hukwepa tatizo kwa kutuhamisha kabisa. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani; ukishajua kwamba nchi inaelea hewani hutahangaika kuuliza mahakama yake iko mtaa gani. Condon aliweka kila kitu mahali kilipo, New York, Washington, Korea, kisha akatia jambo moja lisilowezekana katikati.

Pale gia zinaposhikana vizuri, zinashikana hivi. Manchuria, Yen Lo anawaonyesha wageni kazi yake. Wanajeshi wa Marekani wamekaa mbele, na vichwani mwao wanadhani wako kwenye mkutano wa akina mama wapenda bustani. Wamepewa sigara za mavi ya yak, ng'ombe wa milimani, nao wanazivuta kwa raha zote. Yen Lo anafurahia mzaha wake na kukariri tangazo la sigara za Winston, lile lililoanza kusikika Marekani mwaka 1954, linalosema sigara hii ina ladha ambayo sigara inatakiwa kuwa nayo. Wasikilizaji wanacheka. Kisha Raymond anaamriwa amnyonge askari mwenzake, Ed Mavole, na anamnyonga, na waliokaa kando wanaendelea kupiga miayo kama watu waliochoshwa na hotuba ya maua.

Mzaha wa sigara haukuwekwa pale kutupumzisha kabla ya kifo. Ndio maelezo ya kifo. Condon alikuwa mtu wa matangazo ya filamu kwa takriban miongo miwili kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1958. Kazi yake ilikuwa kuweka sentensi kichwani mwa mtu ili baadaye, akiwa mbele ya dirisha la tiketi, mkono uende mfukoni wenyewe. Alijua inavyofanyika: sentensi iwe fupi, irudiwe, isihitaji kueleweka. Anayeimba tangazo la Winston bila kujijua na Raymond anayeinuka kwa sababu ya malkia wa uru wametengenezwa kwa fundi mmoja.

Meno yanakosana mahali pengine, pale ambapo utani unatoka kwa msimulizi mwenyewe bila mhusika wa kuubeba. Condon ana ugonjwa wa tashibihi. Hawezi kumwingiza mtu chumbani bila kumfananisha na vitu vitatu, na mara nyingi cha tatu kinakiua cha kwanza. Ana pia ulevi wa maelezo kamili: kiasi, anwani, vipimo, mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Ulevi huu mtu anaweza kuutetea kidogo, maana unaichezea ile ile imani yetu katika namba ambayo Iselin anaila. Tashibihi sizitetei. Msomaji aliyeiweka kando karibu na ukurasa wa 60 akisema mwandishi anapenda sauti yake kupita kiasi ana haki yake.

Kuna pia shtaka la kunakili. Mwaka 2003 gazeti la San Francisco Chronicle liliripoti kwamba msomaji mmoja alikuta katika riwaya hii sentensi zinazofanana mno na za I, Claudius ya Robert Graves, ya mwaka 1934. Ukizilinganisha, mfanano hauepukiki, hasa pale Condon anapoeleza kwamba wanawake wengi huwekea tamaa zao mpaka wa wastani, wachache huuweka mbali, na mama yake Raymond hakuuweka popote. Graves alikwisha kusema hivyo kuhusu Livia, mke wa Kaisari Augustus. Wapo wanaomtetea kwamba alikusudia tumwone Livia ndani ya mama huyu. Ingekuwa hivyo angetupa dalili moja, jina tu lingetosha. Bila dalili, ni sentensi ya mwenzake aliyoichukua akanyamaza.

Mama mwenyewe, Eleanor, ndiye mhusika wa riwaya hii asiyesahaulika, na ndiye pia aibu yake. Kwa upande mmoja, yeye peke yake ana akili: anamwendesha mumewe, anawaendesha Warusi wanaodhani wanamwendesha yeye, na ana mpango wa kuwalipa kisasi kwa kumchagua mwanawe awe silaha. Kwa upande mwingine, Condon anaeleza uovu wake kwa kuudhalilisha mwili wake: alilala na baba yake, anatumia heroini, na kwa kutumia malkia wa uru anamlaza mwanawe mwenyewe kitandani. Filamu haikuthubutu kwenda huko, iliishia kwenye busu moja la mdomoni. Mmarekani wa miaka hiyo alikuwa amekwisha kuzoeshwa kuwalaumu akina mama kwa udhaifu wa wanaume tangu mwandishi Philip Wylie alipotoa kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya jambo hilo, na Condon alichota kwenye kisima hicho bila kukikejeli. Kwa McCarthy alikuwa mkali. Kwa chuki hii ya kawaida alikuwa mteja tu.

Ndivyo ilivyo pia kwa Waasia. Yen Lo ni Mchina mwerevu mwenye tabasamu la ukatili, mjukuu wa Fu Manchu, yule mhalifu Mchina wa hadithi za Waingereza. Chunjin, Mkorea, ni mtumishi msaliti basi. Filamu ilizidisha kwa kumpa nafasi ya Chunjin mwigizaji Henry Silva, mzaliwa wa Brooklyn. Anayesema "ndivyo walivyoandika zamani" anasahau kwamba hii ni kejeli. Kazi yake yote ni kuona kile ambacho wenzake wamekizoea.

Kuhusu unabii sitakaa sana. Filamu ilitoka tarehe 24 Oktoba 1962, siku ambayo zuio la Marekani kwa meli zinazoelekea Cuba, katika mgogoro wa makombora na Urusi ya Kisovieti, lilianza kutekelezwa. Rais Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, kwa bunduki, na mtu aliyekuwa mwanajeshi wa Marine, Lee Harvey Oswald, aliyehamia Urusi ya Kisovieti mwaka 1959, mwaka ule ule wa riwaya. Mtu akivipanga hivyo mstarini, mwili unasisimka. Lakini riwaya haikutabiri. Iliweka siasa na bunduki yenye darubini katika sura moja, jambo ambalo Marekani ilikuwa na uzoefu nalo tangu Rais Lincoln alipopigwa risasi, darubini tu ndiyo ilikuwa mpya. Ile hadithi maarufu kwamba filamu ilifungiwa kabatini kwa heshima ya Kennedy nayo haina miguu: mwaka 1965 ilikuwa kwenye televisheni ya Marekani. Iliadimika baadaye kwa mambo ya haki miliki, ikarudi kumbini mwaka 1988.

Kilichoishi kuliko unabii ni jina. "Mgombea wa Manchuria" limekuwa tusi la kisiasa ambalo kila upande huwatupia wengine. Alitupiwa Seneta John McCain kwa sababu aliwahi kuwa mateka Vietnam zaidi ya miaka mitano. Alitupiwa Barack Obama, na baadhi ya waliomtupia ni wale wale waliodai alizaliwa Kenya ilhali alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Mwaka 2010 kikatoka hata kitabu cha kumwita rais wa Manchuria. Akatupiwa Donald Trump pia. Wanaolitumia wanasahau kwamba kwenye riwaya, anayeshika orodha ya wasaliti na kuipunga mbele ya kamera ndiye aliye mkononi mwa adui. Mwenye kupiga kelele "Manchuria!" anacheza nafasi ya Iselin, na wala hajui.

Waliosoma riwaya baada ya kutazama filamu, na ndio wengi, hulalamikia mwisho. Kwenye filamu Raymond, akichezwa na Laurence Harvey, anajinasua. Juu kabisa ya Madison Square Garden, bunduki mkononi, anaihamisha kutoka kwa mgombea hadi kwa baba wa kambo, kisha kwa mama, kisha kwake mwenyewe, akiwa amevaa ile nishani. Tunaondoka tumeumia lakini tumefarijika: mtu alibaki ndani ya ganda. Filamu ya pili, ya Jonathan Demme mwaka 2004, iliyomhamisha adui kutoka Ukomunisti hadi kampuni iitwayo Manchurian Global na kuweka vipandikizi mahali pa karata, ilitafuta faraja yake kwa njia nyingine.

Riwaya hainyooshi mkono huo. Marco, shujaa, anakaa na Raymond akiwa na pakiti yake ya malkia wa uru. Amekwisha kuvunja amri za Manchuria. Angeweza kumwachia mtu huyu akili yake, ampeleke hospitali, awaite polisi. Badala yake kunatokea yale yale yaliyotokea kwenye filamu, vifo vitatu, na Condon anatuachia tuelewe kwamba hakuna aliyejinasua. Amri ilitoka kwa Marco. Wasomaji wengi husema mwisho huu "umeenda haraka" au "haueleweki", na wanaoipenda filamu huona mwandishi alimnyima Raymond haki yake.

Alimnyima, ndiyo. Yen Lo alimpa amri, mama yake akampa amri, na rafiki yake wa pekee akampa amri ya mwisho, kwa karata ile ile, kwa sababu nzuri kuliko za wengine wote. Nchi ikaokoka. Anayetaka kujua kama amekisoma kitabu hiki au ameitazama filamu tu ajiulize kama alipofika hapo alimshangilia Marco.